Mizani ya jikoni kwa bearded dragon: kitu cha bei chee kuliko vyote, na ndicho kinachofanya kazi kubwa

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke: kama una bearded dragon nyumbani, yule mjusi wa ndevu wa Australia, kabla hujaongeza jiwe la mapambo au kamba ya kupandia nenda kanunue mizani ya dijitali ya jikoni, hii hii ya kupimia unga wa keki. Nakaa Birmingham, yangu nimeinunua supamaketi ya kawaida kwa paundi kumi na kitu, na kati ya vitu vyote vilivyozunguka tanki la mjusi wangu, yaani taa, thamostati, unga wa kalsiamu na mazagazaga mengine, hakuna kilichonisaidia kujua afya yake kama hii mizani.

Naandika kwa Kiswahili makusudi kwa sababu huku Uingereza naona familia zetu nyingi zinafuga hawa wajusi siku hizi. Mtoto anaomba mnyama, mwenye nyumba hataki mbwa, au wenyewe dini haituruhusu kumuweka mbwa ndani, paka mtu ana aleji, basi mnaishia kwa mjusi. Na ni mnyama mzuri kweli, mpole, anakaa begani anakutazama. Shida yake ni moja, anaficha ugonjwa. Mnyama anayewindwa porini hajionyeshi kama ni mgonjwa, kwa hiyo ukingoja mpaka uone kwa macho kuwa Sheha (ndiyo jina la wangu) hayuko sawa, ujue ameshaumwa muda mrefu. Gramu zinasema mapema, mimi ndicho nilichokuja kuwaambia.

Sasa mizani yenyewe. Ni bapa, juu kioo, inabeba mpaka kilo 5 na inahesabu gramu moja moja. Kwa mjusi mkubwa hiyo inatosha kabisa, maana mkubwa aliyekomaa wengi wao wanacheza kati ya gramu 300 na 600 hivi, urefu sentimita 40 mpaka 60 ukihesabu na mkia. Mizani ya bafuni ya kupimia watu achana nayo, haina uwezo wa kuona gramu ishirini, na hizo gramu ishirini ndizo unazozitafuta. Zile zinazouzwa kwenye maduka ya wanyama zikiwa na picha ya mjusi kwenye boksi nilizishika, nikalinganisha, kinachozidi ni bei.

Kitufe muhimu ni kile cha kurudisha sifuri. Unaweka kopo la plastiki juu yake, mimi natumia kopo la aiskrimu lile la mstatili, chini naweka kitaulo kidogo, unabonyeza inasoma 0, halafu unamuweka mjusi. Bila kopo ni vita. Kioo kinateleza na kina baridi, kucha zinakwaruza kwruu kwruu, namba inaruka 417, 424, 411, halafu huyo ameshashuka anakimbilia nyuma ya mikrowevu. Ndani ya kopo, kwenye kitaulo, Sheha anatulia, anafumba jicho moja, namba inasimama. Na tafadhali hilo kopo liwe la kazi hiyo tu, na meza uifute na mikono unawe kwa sabuni, maana hawa wajusi wanaweza kubeba salmonela, vile vijidudu vya kuharisha, hata wakiwa wazima, na wenye watoto wadogo ndani mnanielewa. Mizani ya mjusi isirudi tena kwenye unga wa maandazi.

Kasoro yake inayoniudhi ni kwamba inajizima yenyewe haraka kuokoa betri. Ukimuweka mjusi akachelewa kutulia, skrini inazima, unaanza upya kutoa mjusi, kurudisha sifuri, kumuweka tena. Kama utapata yenye kuchelewa kuzima chukua hiyo hata ikizidi paundi mbili. Na weka juu ya meza ngumu, siyo kwenye zulia wala kitandani, inadanganya.

Kupima ni mara moja kwa wiki, siku ile ile, muda ule ule. Mimi ni Jumamosi asubuhi, taa zikishawaka na kabla hajala. Muda nausisitiza kwa sababu mjusi ana tumbo na ana choo, na choo chao si kidogo jamani. Kuna asubuhi nilimpima akasoma 431, nikamuweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu akafanya mambo yake, nikamfuta, nikarudia, 419. Gramu 12 zimekwenda na mjusi ni yule yule. Kwa hiyo mtu anayepima leo usiku mjusi akiwa ameshakula nzige, wiki ijayo asubuhi akiwa na njaa, atapata presha bure. Namba moja peke yake haina maana sana, unayoiangalia ni safari ya namba. Mimi naandika kwenye simu tu, tarehe, gramu, kama amekwenda choo, amekula nini, basi.

Kanuni ninayoifuata, na ni ya kawaida kwa wafugaji na madaktari, ni asilimia kumi. Mjusi wa gramu 420 akipoteza kama 40 bila sababu inayoeleweka, simu kwa daktari siku hiyo hiyo. Lakini hata kabla ya hapo, ukiona wiki baada ya wiki inateremka tu usikae kimya. Vuli iliyopita Sheha alisoma 448, ikaja 441, ikaja 430, ikaja 419, wakati kwa macho yuko vizuri, anakula, rangi nzuri, anapanda jiwe lake kama kawaida. Mtu yeyote angeniambia huyo mzima. Nilimpeleka kwa daktari wa wanyama anayejua wajusi, nikabeba na choo chake kibichi kwenye kikopo, wakaangalia kwa hadubini, wakakuta minyoo imejaa, ile midogo ya utumbo ambayo hawa wajusi wengi wanayo kidogo kidogo bila madhara ila ikizidi inakuwa shida. Akapewa dawa, na dozi inapigwa hesabu kwa uzito, kwa hiyo daktari alifurahi sana kuona orodha yangu ya gramu kwenye simu. Akarudi taratibu mpaka 445. Bila mizani ningeona nini mimi? Nisingeona kitu mpaka awe mifupa.

Ila mizani isikufanye uache kumtazama, viende pamoja. Kichwani nyuma ya macho kuna vifuko viwili vya mafuta, kwa mzima vimejaa kiasi, kwa aliyekonda vinabonyea kama mashimo. Shika mwanzo wa mkia kule unapoungana na mwili, mifupa ya nyonga ikichomoza na mkia ukawa bapa, huyo amekonda. Aliyenenepa kupita kiasi utaona tumbo linaburuta hata akisimama, mafuta yamevimba makwapani, na shingoni kumejaa. Wawili wanaweza kuwa na gramu 450 wote, mmoja ana umbo kubwa yuko sawa kabisa, mwingine mfupi ana mafuta mpaka kwenye ini.

Na hapa kwenye unene ndipo nina la kusema, maana majumbani nikiangalia naona wanene kuliko waliokonda. Kuna duka lilinipa karatasi ya maelekezo inasema wadudu kila siku, na kwenye orodha wakaweka wale funza wa manjano, mealworm, na wale weupe wanene, waxworm, kama chakula cha kawaida. Hicho si chakula cha kawaida kwa mjusi mkubwa, waxworm hasa ni mafuta matupu, ni zawadi ya mara moja moja. Mtoto anayekua ndiyo anahitaji wadudu kwa wingi, majani kidogo. Akishakomaa, kuanzia kama mwaka mmoja na nusu, mambo yanageuka, majani kila siku, wadudu mara mbili tatu kwa wiki. Ukiendelea kumlisha mkubwa kama mtoto, mizani itakuonyesha tu, wiki hii +4, wiki ijayo +6, na mafuta yakishaingia kwenye ini ni ugonjwa wa kweli unaoua. Na ukigundua amenenepa usimkatie chakula ghafla, kufunga ghafla nako kunaliumiza ini, punguza wadudu polepole, mtoe nje ya tanki atembee sebuleni, mizani ishuke taratibu.

Majani yenyewe, habari njema kwetu: sukuma wiki. Ndiyo, hii hii. Iko kwenye orodha nzuri kabisa kwa sababu ina kalsiamu nyingi, na supamaketi za hapa kuna spring greens ambazo zinafanya kazi hiyo hiyo. Majani ya dandelion, lile gugu la maua ya njano, yanaota bure bustanini, hakikisha tu hapajapigwa dawa. Boga la butternut nalikwaruza kidogo kwa rangi, anavutiwa. Mchicha na spinachi isiwe kila siku, ina kitu kinachoshika kalsiamu mwili usiipate. Parachichi hapana kabisa, ni sumu kwake. Na wadudu wapakwe unga wa kalsiamu, kwa sababu nyenje na wenzake fosforasi yao imezidi kalsiamu, wakati mjusi anataka kalsiamu kama mara mbili ya fosforasi.

Sasa niseme na kile ambacho mizani haiwezi, nisije nikawauzia kitu kama muujiza. Mizani haioni mifupa. Mjusi anaweza kuwa na gramu nzuri kabisa huku taya limeanza kulainika na vidole vinatetemeka, kwa sababu taa ya UVB, ile inayotoa mionzi kama ya jua, imekufa. Mimi natumia Arcadia, ile tyubu nyembamba ya T5 yenye UVB ya asilimia 12, nimeridhika nayo, na kila mwaka nabadilisha hata kama bado inawaka, maana mwanga unabaki ila UVB inapungua na jicho halijui tofauti. Dirishani usijidanganye, kioo kinazuia UVB, jua la dirishani linampa joto tu. Bila hiyo UVB hatengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu unayompaka inapita tu.

Joto nalo ni hivyo hivyo. Uzito ukianza kushuka, kabla hujalaumu chakula chukua kile kipimajoto cha bastola piga kwenye jiwe lake la kuota, panatakiwa kama nyuzi 38 mpaka 42, na upande wa baridi wa tanki kama 24 hivi. Jiwe likiwa na 31 mjusi atakula, lakini hatasaga chakula vizuri.

Majira ya baridi yanachanganya wengi. Siku zikifupika baadhi ya wakubwa wanapunguza kula, wanajificha, wanalala wiki kadhaa, ni tabia yao ya asili. Hapo mizani ndiyo inatofautisha usingizi na ugonjwa, maana mjusi anayelala tu hapotezi uzito wa maana, mwili umepunguza kila kitu. Anayelala huku gramu zinakimbia, huyo anaumwa. Nampima hata akiwa usingizini, haraka haraka, namrudisha.

Wenye majike muwe na hesabu nyingine. Rafiki yangu ana jike, hajawahi kukaa na dume hata siku moja, na anataga. Uzito unapanda juu, tumbo linakuwa na uvimbe uvimbe, anaanza kuchimba kila kona, halafu akitaga unaporomoka siku moja. Mtu asiyejua atafikiri ni unene kisha ni ugonjwa. Muwekee boksi la mchanga wenye unyevu achimbe, na ukiona anachimba siku nyingi, amechoka na mayai hayatoki, hiyo ni dharura, mayai yakikwama yanaua.

Mizani naipa nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya kujizima. Ambaye asiinunue ni mwenye kifaranga. Wakitoka kwenye yai wana gramu mbili tatu tu, mizani ya gramu moja moja itakuandikia 3 leo na 3 wiki ijayo hata kama ameongezeka au amepungua. Huyo mtafutie ile ndogo ya kusoma sehemu ya kumi ya gramu, za kupimia kahawa ziko hivyo, mpaka afike kama gramu 100, halafu ndiyo umhamishie kwenye ya jikoni.