Ziara ya stesheni ya Wembley Park: hela yangu imeniuma

Nyota moja, na ni kwa sababu mfumo haukubali sifuri.

Kampuni siitaji, sitaki kesi. Walitangaza ziara ya "historia ya stesheni na mtaa wake", nikalipia mimi na mama aliyekuja London kunitembelea. Historia yenyewe kijana aliyetuongoza aliisoma kwenye kikaratasi kama anayesoma bei za nyanya, haraka haraka, macho yako madukani.

Na hapo ndipo penye utamu! Edward Watkin, mwenyekiti wa reli ya Metropolitan, alitaka mnara wa kuuzidi ule wa Eiffel ili watu wapande treni zake kwenda kuushangaa. Stesheni ikafunguliwa 1893 kwa ajili ya bustani yake. Mnara ukaishia hatua ya kwanza, wakaubomoa 1907, na uwanja wa mpira wa 1923 ukajengwa palepale.

Nikamuuliza, mbona hujagusia Maonyesho ya Dola ya Uingereza yaliyofanyika hapa Wembley, 1924? Afrika Mashariki ilikuwa na banda lake pale, Zanzibar ikiwemo. Akanipandisha akanishusha, akasema hilo halimo kwenye ratiba yake, kama nalijua basi niwasimulie mimi. Watu wakacheka. Mama akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia amesema twende.

Haya, haki yake nimpe. Alipoona mama ameshika goti juu ya zile ngazi pana, alitupeleka mwenyewe kwenye lifti, wengine wakasubiri. Lifti hizo ni matunda ya upanuzi uliofanywa kabla ya uwanja mpya kufunguliwa 2007, na kwa mtu wa umri wa mama ni neema. Hapo nilishaanza kufikiria nyota mbili, hata tatu.

Kumbe bado. Chini ya daraja la Bobby Moore kuna vigae vya rangi vyenye picha za wanamichezo na wanamuziki. Mwaka 2013 vilifunikwa kwa mabango ya matangazo, baadaye baadhi vikafunuliwa. Mama kasimama, anapitisha kidole kwenye maungio ya vigae, anauliza nani kavichora. Kijana akapiga makofi: twendeni, twendeni!

Nimelalamika, wamenijibu kwa kunipa punguzo la ziara ijayo. Ijayo ipi? Moja inabaki palepale. Stesheni nendeni wenyewe, vigae ni bure kutazama, ila msiende siku ya mechi.