Saa ya vitufe vitano kwenye jasho la Dar

Ukikimbia asubuhi mwezi Machi, ukifika katikati ya Daraja la Tanzanite huna tena sehemu kavu ya kufutia kidole. Singlendi imelowa, kaptula imelowa, kiganja kinateleza. Hapo ndipo saa janja yangu ya kwanza, ile ya kioo kitupu bila kitufe hata kimoja, iliponigomea kila mara. Nataka kuisimamisha nifunge kamba za viatu: nagusa, kimya. Nagusa tena, inaniletea hali ya hewa. Siku moja mwenzangu alirudi nyuma akaniuliza, "Kaka, umeumia?" Nikamwambia saa imegoma. Katika kuhangaika nayo mazoezi yakafutika, kilomita nane zote. Niliumia kweli, maana nilikuwa najiandaa na mbio ndefu na kila kilomita nilikuwa naihesabu.

Kioo cha namna ile hakisikii msukumo wa kidole. Kinachosoma ni mabadiliko madogo ya umeme yanayoletwa na ngozi. Sasa jasho ni maji na chumvi, linapitisha umeme, hivyo tone likitulia juu yake saa inaweza kudhani ni kidole. Simu nayo inasumbuliwa na hilo, lakini simu ina nafasi. Kwenye kioo cha inchi moja na kitu, kidole changu kinafunika nusu ya maandishi ninayoyatafuta.

Nikahamia Garmin Forerunner 55, iliyotoka 2021. Kioo chake cha inchi 1.04 hakigusiki kabisa. Kila kitu ni vitufe, vitatu kushoto na viwili kulia. Washikaji wanaiita saa ya kitochi. Wiki mbili za kwanza nilichanganya cha kuanzia na cha kurudi, ila vidole vilishazoea. Naanza upande wa Coco, nabonyeza bila kutazama. Nikishuka upande wa Aga Khan nabonyeza cha chini kulia, raundi inahesabiwa, naendelea. Kitufe kinajibu kwenye kidole chenyewe, macho yanabaki barabarani. Kwa anayekimbia karibu na magari hilo kwangu ni usalama, wala si anasa.

Ni gramu 37 tu, mkononi unaisahau.

Wapo watakaotaka kujibu ujumbe na kutazama picha. Hao hii haiwafai. Ndugu yangu ana Galaxy Watch 6 Classic yenye pete inayozunguka, mtindo ambao Samsung waliuanza na Gear S2 mwaka 2015, mwaka uleule Apple Watch ilipotoka na taji lake la kuzungusha pembeni. Nimeijaribu, na kupitia orodha ndefu kwa pete ni raha, kwa kuwa kidole hakizibi maneno. Ila ukifika kwenye unachokitaka, bado unagusa kioo.

Kwa hiyo ukienda Kariakoo kununua, usiridhike na rangi za kioo pale dukani kwenye feni. Mimi nilimwomba muuzaji maji kidogo, nikalowesha vidole, nikaanzisha mazoezi na kuyasimamisha mara kumi. Alinishangaa. Mara zote kumi ilisimama, nikalipa.