Uzoefu wangu: Mapumziko ya Mafia yaliyopangwa kwa kufuata mwezi na maji

Mtu anayetafuta mapumziko ya kweli katika kisiwa kidogo cha joto, mbali na muziki wa kukesha ufukweni na msururu wa wauza vinyago, atayapata Mafia; lakini atayafaidi kikamilifu iwapo atatazama pepo na maji kabla ya kutazama picha za vyumba. Nayasema haya baada ya kukaa huko na mume wangu na mama yangu mzazi, mwishoni mwa Novemba, katika nyumba ndogo ya wageni iliyoko Utende, kando ya Ghuba ya Chole. Nimeridhika na huduma niliyoilipia, na nitaeleza kwa nini, pamoja na mambo machache ambayo nisingependa familia nyingine iyakute bila kuambiwa mapema.

Nianze na majira. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta mvua nzito na maji ya bahari hupoteza ung'avu, ndiyo maana baadhi ya loji za Utende hufunga kabisa mwezi wa Aprili na Mei. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, hewa huwa kavu na yenye ubaridi wa kupendeza, na nyangumi hupita nje ya kisiwa, ila bahari ya upande wa mashariki huwa nzito kwa watu wasioizoea. Papa potwe, samaki wakubwa wenye madoa ambao ndio waliotuvuta sisi, huonekana kwa urahisi karibu na uso wa maji upande wa Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa ulioko magharibi, kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Tulichagua Novemba tukijua kwamba vuli ingeweza kutunyeshea, na kweli ilinyesha, mvua fupi za alfajiri ambazo zilikuwa zimekwisha kabla chai haijaandaliwa.

Baada ya majira linakuja suala la bamvua na maji mafu, na kwa maoni yangu hili ndilo lenye uzito kuliko yote, ingawa ni nadra kulisikia kwa watu wanaouza safari. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani zile za kujaa na kupwa kukubwa zinazofuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri na hukupwa kabisa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu, zilizo katikati ya bamvua moja na nyingine, mpangilio hugeuka: maji huwa yamejaa saa nne za asubuhi, ingawa tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Ghuba ya Chole ina kina kifupi, na ufukwe wa Utende una mikoko na tope sehemu nyingi, kwa hiyo bamvua inapokupwa, mbele ya nyumba za wageni hubaki uwanda mpana wa mchanga, matope na nyasi za bahari, akina mama wa kijijini hushuka kuchokoa pweza, na boti husimama mbali sana na ngazi. Kwa kijana huo ni matembezi mazuri. Kwa mama yangu, ambaye magoti yake yana maumivu ya miaka mingi, kuvuka uwanda ule ili kufikia boti kungekuwa adhabu.

Hapo ndipo mwenye nyumba aliponifanya nimwamini kabla sijamwona. Nilipompigia simu, hakuanza na bei, aliniuliza, "Dada, mnakuja na watoto au na mtu mzima?" Nilipomweleza hali ya mama, aliniomba nisubiri atazame kalenda yake, kisha akanishauri nisogeze safari mbele kwa juma moja ili tufike siku za maji mafu, asubuhi maji yawe karibu na ngazi, na tuondoke wakati maji yanaanza kuelekea bamvua ili tusikose mafungu ya mchanga yanayoibuka baharini maji yakikupwa. Aliacha tarehe ambazo angeweza kunilipisha siku ileile. Sijawahi kupata ushauri wa namna hiyo katika nyumba za wageni nilizowahi kulala kabla ya hapo.

Kufika kwenyewe kuna njia mbili. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua nusu saa au zaidi kidogo, na kabla ya kuvuka bahari hupita karibu na delta ya Rufiji, penye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki; ukipata kiti cha dirishani, usilale. Mizigo hupimwa kwa ukali, kwa hiyo mfuko laini na mwepesi unafaa kuliko sanduku gumu. Njia ya pili ni ya barabara hadi Bungu, kisha kuchepuka hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, na kuvuka kwa chombo hadi Kilindoni. Njia hii ni nafuu zaidi na hutumiwa na wenyeji wengi, ila chombo hutegemea maji na inampasa msafiri awe na siku ya akiba. Kwa ajili ya mama tulipanda ndege. Kutoka uwanja wa ndege wa Kilindoni hadi Utende ni kama kilomita 14 za lami kati ya minazi, na kabla ya kufika kuna geti la Hifadhi ya Bahari ambapo kila mgeni hulipa ada.

Ada hiyo inastahili maelezo, kwa sababu familia nyingi huikuta pale getini bila kujiandaa. Hutozwa kwa mtu na kwa siku, kwa kawaida haimo katika bei ya chumba, na raia wa Tanzania hulipa kiwango cha chini sana kuliko mgeni kutoka nje, ilimradi aonyeshe kitambulisho. Tunza stakabadhi, kwani unaweza kutakiwa kuionyesha tena. Mimi niliilipa kwa moyo mweupe. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, wakati ambapo uvuvi wa baruti ulikuwa ukivunja matumbawe ambayo yalihitaji miaka mingi kukua. Miaka mitatu baadaye joto la bahari la mwaka 1998 likaua sehemu kubwa ya yale yaliyobaki. Leo, ukivaa miwani ya maji na bomba la kupumulia ndani ya Ghuba ya Chole, unaona matumbawe yaliyo hai yakiwa yamejaa samaki, na hifadhi nzima inahesabiwa kuwa na zaidi ya aina 400 za samaki. Mtu ambaye hataki kabisa kulipa ada hiyo anaweza kulala Kilindoni, nje ya mipaka ya hifadhi, lakini atakuwa mbali na ghuba.

Nyumba tuliyolala ina vibanda vichache vya makuti, vyandarua vizima visivyo na tundu, feni, na baraza inayotazama visiwa vya Chole na Juani. Chakula kilikuwa bora kuliko nilivyotarajia kwa bei ile: changu wa kupaka, pweza wa nazi, mbaazi, na maandazi ya iliki asubuhi. Mpishi alimuuliza mama siku ya kwanza ni vitu gani daktari amemkataza, na tangu hapo sahani yake ilikuja na chumvi kidogo bila mtu kukumbusha. Umeme ulikatika mara kadhaa usiku, na intaneti ilikuwa dhaifu kiasi kwamba mtu mwenye kazi za ofisi asiitegemee. Lalamiko langu zito ni picha. Zile walizoweka mtandaoni zinaonyesha mchanga mweupe na maji ya buluu kana kwamba viko mlangoni, ilhali mchanga ule ni wa fungu linalofikiwa kwa boti. Nilimweleza mwenye nyumba jambo hili waziwazi, naye alikubali kwamba picha zinapaswa kuonyesha pia ufukwe wa Utende ulivyo maji yakiwa yamekupwa.

Siku ya papa potwe tuliondoka na gari alfajiri kwenda Kilindoni, kwa kuwa samaki hawa hukaa upande wa magharibi wa kisiwa. Upande huo uko nje ya mipaka ya hifadhi, na kwa sababu hiyo uadilifu wa kiongozi unayemchagua una uzito mkubwa kuliko mahali pengine popote kisiwani. Kiongozi wetu, kijana wa Kilindoni, alitukalisha mchangani kwanza akatueleza masharti: hakuna kumgusa samaki, hakuna kuogelea mbele yake, hakuna mwanga wa kamera, na kila mtu akae mbali na mkia. Kisha alimwendea mama, akampa shikamoo, akamfunga mwenyewe jaketi okozi na kumwambia, "Bibi, wewe utakaa ubavuni mwa boti, nami nitakuita akipita chini yako."

Papa potwe ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, lakini chakula chake ni vijidudu vya maji na samaki wadogo, na ndiyo maana wavuvi wa dagaa na papa hawa hukutana mahali pamoja. Tulipoona ndege wakishuka na mitumbwi ikiwa imekusanyika, nahodha alipunguza mashine. Wengi wa papa wa Mafia ni madume ambao hawajakomaa, na watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa mpangilio wa madoa meupe ubavuni, ambao haufanani kwa samaki wawili. Mimi na mume wangu tuliingia majini, na papa wa kwanza alitupita taratibu, mdomo wazi, bila kubadili mwendo, mgongo wake mpana umejaa madoa kama ya ndege aitwaye kanga. Kisha nikasikia sauti ya mama juu ya maji akisema, "Subhanallah, nimemwona! Nimemwona mzima!" Samaki yule alikuwa amepita chini ya boti, na mama, ambaye hakulowesha hata mguu, alimwona kwa urefu wake wote. Kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kulipia safari nzima.

Baadaye ilifika boti nyingine iliyojaa watu, nao wakaruka majini kwa pamoja juu ya samaki aliyekuwa akila, mmoja akinyoosha mkono kumshika mkia. Kiongozi wetu alimwamuru nahodha arudi nyuma mara moja, na mume wangu alipouliza kama hatungejaribu mara nyingine, alijibu, "Afadhali tukose sisi kuliko kumkimbiza yeye." Tulikubaliana naye. Ninamshauri kila anayekwenda aulize mapema, kabla ya kutoa fedha, boti itabeba watu wangapi na watu wangapi wataingia majini kwa wakati mmoja. Kiongozi asiyekuwa na jibu la haraka aachwe.

Siku zilizofuata tulipumzika kwelikweli. Chole ni mwendo mfupi kwa boti ya abiria, na maji yalipokuwa yamejaa mama alishuka bila shida. Kuna magofu ya makao ya Wajerumani, waliotawala wakiwa pale kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913, na kuna miti mikubwa ambamo popo wa matunda huning'inia mamia kwa mamia. Jamii hiyo ya popo hupatikana Komoro na hapa Mafia. Mume wangu alikwenda peke yake Kua, kisiwani Juani, kuona misikiti na majumba ya mji ulioangamizwa na wavamizi wa Kisakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, mapema katika karne ya 19. Njia ile ina mawe makali na miiba, kwa hiyo mzee asipelekwe. Maji yalipoanza kuelekea bamvua tulikwenda kwenye fungu la mchanga asubuhi, likiwa limeibuka lote, tukakaa hapo na matunda na madafu mpaka maji yakaturudisha botini.

Kwa upande wa fedha, beba taslimu au uhakikishe una salio la kutosha kwenye simu, na mahitaji ya benki yamalizie Kilindoni kabla ya kwenda Utende. Gharama kubwa baada ya chumba ni boti, na kwa kuwa hukodiwa nzima, kuungana na wageni wengine wa nyumba hiyohiyo hupunguza sana mchango wa kila mmoja. Anayetaka ufukwe mweupe wa kuogelea saa yoyote bila kuhesabu maji, Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa Unguja, zitamfaa zaidi, na ni haki aambiwe hivyo na yeyote anayemuuzia safari ya Mafia.

Sisi tunarudi katika kipindi cha kusi, kwa ajili ya kuona kasa wa Juani wakianguliwa. Tarehe hatujaipanga, na mwenye nyumba amekataa kutupangia kwa sasa: mayai ya kasa hukaa mchangani kwa kiasi cha miezi miwili kabla ya kuanguliwa, na walinzi wa viota huandika siku ambayo kila kiota kilitagwa. Atakapopata tarehe kutoka kwao atanipigia simu, na mimi ndipo nitakapoomba likizo kazini.