Postfix kwenye ofisi ambayo neti inakuja na kukata, uzoefu wangu

Niko upande wa IT kwenye ofisi moja huku Ukerewe, neti yetu ni modemu ya laini ya simu, mvua ikinyesha ndo usiseme kabisa. Seva inatumia Debian (Linux) na Postfix, programu ya kutuma na kupokea imeili, na kiukweli siitoi, ila ukiiacha na seting ilizokuja nazo itakutesa.

Iko hivi, meseji ya imeili ikishindwa kutoka inaingia foleni ya deferred, yaani zilizoahirishwa, inajaribiwa tena baada ya kama dakika 5, ikigoma inazidi kusogezwa mbele mpaka sekunde 4000, yaani lisaa na ushee. Sasa neti ya huku inarudi kidogo tu inaondoka, meseji imelala inasubiri zamu, zamu ikifika neti hakuna! Dawa ni kuweka defer_transports = smtp kwenye main.cf, faili la seting za Postfix, hapo haitumi kitu nje mpaka uiamrishe, halafu kwenye skripti inayoamka modemu ikikamata unaweka postqueue -f, foleni nzima inasukumwa hapohapo. Na za ndani ya ofisi zinafika kama kawaida hata neti ikiwa imekufa, hiyo bosi ndo kaipenda.

Kinachouma ni viambatanisho. Mtu wa uhasibu anatuma PDF ya mega 5, ikishafungwa ndani ya imeili inavimba inakaribia mega 7, inafika katikati neti inakata, na SMTP, utaratibu wa kusafirisha imeili, haijui kuendelea ilipoishia, inaanza sifuri, bando linateketea. Ukicheki foleni kwa amri ya mailq unaikuta namba (ID) ya meseji ileile na maneno lost connection with ... while sending message body, yaani neti imekata ikiwa katikati ya kutuma, kesho tena hivyohivyo. Za namna hiyo nazizuia kwa postsuper -h na ID yake, kwenye mailq zinawekewa alama ya mshangao, bando la usiku likianza naziachia kwa -H halafu nasukuma.

Kingine, Postfix yenyewe haimwambii mtu kwamba meseji yake imekwama, seting ya delay_warning_time inakuja ikiwa 0, inakaa kimya siku 5 ndo inamrudishia imeshindikana, wakati huo mhasibu wa watu anajua ripoti ilishafika Mwanza zamani. Weka 4h (masaa manne) mapema kabla hawajaanza kukupigia simu.