Kanivali ya Cologne: Jumatatu nendeni na watoto, Alhamisi waachieni wakubwa

Kama una ndugu Ujerumani na unapanga kwenda kumwona, safari hiyo iwe wiki ya kuelekea Kwaresima. Kanivali ya Cologne, sherehe za mitaani kabla ya mfungo huo, haina kiingilio ukisimama barabarani. Wanaolipa ni wa viti vya jukwaani, na sioni haja. Sisi tulisimama na dada yangu na mwanawe karibu na Severinstor, lango la kale la kusini ambako gwaride la Jumatatu kwa kawaida huanzia. Hapo warushaji bado wana nguvu na mifuko yao imejaa.

Maana huko unarushiwa kweli: peremende, chokoleti, maua, tani zipatazo 300 kwa siku moja. Umati unapiga kelele "Kamelle!", yaani peremende, na wajanja wanafungua mwavuli na kuugeuza, tumbo juu, wakinge. Bibi mmoja aliyevaa kama nyuki, mtu tusiyejuana, alimshika mtoto wetu mkono akamweka mbele, na kila chokoleti iliyomwangukia akamtilia mtoto mfukoni. Kwetu Kisumu gari la mwanasiasa likirusha kitu, anayeokota ni mwenye kifua. Pale watoto ndio wa mbele, wala hakuna askari aliyewapanga.

Mimi ni Mkatoliki. Kwetu St. Theresa's Kibuye, siku hizo ni za kurudisha matawi makavu ya mwaka uliopita yachomwe yawe majivu ya Jumatano ya Majivu. Cologne nao wana mizizi hiyo hiyo, kanisa kuu lao linaonekana toka mbali, lakini wao nyama na starehe wanaziaga kwa ngoma hadi Jumanne usiku. Hapo humchoma Nubbel, mwanasesere wa majani makavu aliyening'inizwa mlangoni pa baa, akiwa amebebeshwa dhambi za mtaa mzima. Halafu kuna Bikira wa kanivali, anayeandamana na Mwanamfalme na Mkulima; hao watatu ndio wakuu wa sherehe. Kwa desturi Bikira ni mwanamume, na gauni lake na nywele za kusokotwa. Nilidhani atazomewa, watu walimshangilia kwa heshima zote.

Alhamisi inayotangulia Jumatatu hiyo ni siku ya wanawake. Saa tano na dakika 11 asubuhi sherehe inafunguliwa, na mwanamume mwenye tai akipita, wanawake wanaikata kwa mkasi. Bia nayo inanywewa tangu saa hizo. Si mahali pa mtoto.

Kuna jambo lililoniuma. Tuliona kikundi kimejipaka nyuso rangi nyeusi na kuvaa sketi za nyasi, eti Waafrika. Mtoto alimuuliza mama yake, "Wanatuigiza sisi?" Dada yangu hakuwa na la kumjibu. Wapo wenyeji wanaoipinga tabia hiyo waziwazi, na nawaunga mkono.

Nilichowaonea wivu ni nyimbo. Wanaimba kwa Kölsch, lugha ya mji wao, si Kijerumani cha darasani, na kijana wa miaka ishirini anajua beti zote sawa na mzee wa themanini. Natamani Oginga Odinga Street ifungwe siku moja, orutu, fidla ya Kiluo ya uzi mmoja, itangulie, na watoto wa mjini waimbe Dholuo kwa sauti hiyo.

Februari kule ni baridi, vaa viatu vizito na glavu. Chupa za kioo haziruhusiwi mji wa kale. Na mfuko wa peremende uwe wa kitambaa, mkubwa. Wa karatasi ukilowa unapasuka.