Kitabu cha mashambulizi kwenye College Football 26: kipi uchukue, kipi uache

Kwa asiyejua, College Football 26 ni gemu ya video ya futiboli ya Marekani ya vyuo vikuu, na kitabu cha mashambulizi ni mkusanyo wa mbinu ambazo timu yako inashambulia nazo. Ujumbe mnaonitumia siku hizi ni ule ule. Umenunua PDF ya mbinu kwa jamaa wa YouTube, umemtandika shemeji sebuleni, roho ikakutuma uingie mtandaoni. Huko ukakutana na kijana asiyejulikana anayechezea timu ya Alabama usiku na mchana, akakunasia pasi nne kabla ya mapumziko. Sasa mnauliza mnunue ya nani.

Msinunue ya mtu. Vitabu vya mbinu vimo ndani ya gemu yenyewe. Timu ziko 136, na hakuna anayekulazimisha kutumia kitabu cha timu uliyoichagua: unaweza kuchezea Ohio State huku umeshika kitabu cha chuo kingine kabisa. Kazi ni kuchagua.

Wauzaji watakutajia idadi ya mbinu, mara mia tatu, mara mia nne. Achana nazo, hutazitumia. Watakutajia pia pasi ndefu zinazopendeza kwenye video. Mimi kitabu nakipima kwa swali moja ambalo sijaona muuzaji akiligusa: kinafanya nini mpira ukiwekwa pembeni?

Uwanja una upana wa yadi 53 na kidogo, vyuoni na NFL, ile ligi ya kulipwa, sawasawa. Kinachotofautiana ni ile mistari miwili ya vidoti ambako refa anauweka mpira. NFL imebanana katikati, futi 18 na nusu tu. Vyuoni imeachana futi 40. Kwa hiyo mchezo ukiishia kulia, unaofuata unaanza ukiwa na yadi 20 kulia kwako na yadi 33 kushoto. Watu waliokulia kwenye Madden, gemu ya NFL, hawalioni hili kabisa, wanacheza kana kwamba pande zote ni sawa.

Chukua ile pasi ambayo mdakaji anakimbia yadi kumi mbele halafu anakata kuelekea mstari wa pembeni. Upande mwembamba, mpira unasafiri kama yadi 23 angani. Upande mpana, pasi hiyo hiyo, kitufe kile kile, inapita yadi 33. Kwenye skrini utaona mdakaji yuko peke yake, unabonyeza, mpira unaelea, beki anageuka, anatembea mpaka ulipo na kuuchukua bila haraka. Kisha unalaumu pedi.

Namba moja kwangu ni Liberty, na sifichi kwamba naupendelea mfumo wa pistoli kuliko yote. Kwenye shotgani ya kawaida kwotabeki, yule mrusha pasi, anapokea mpira akiwa amesimama nyuma kidogo, mkimbiaji anasimama ubavuni mwake, na mpinzani mwenye macho akishaona yuko upande gani, ameshakisia nusu ya mchezo. Pistoli inamweka nyuma ya kwotabeki moja kwa moja. Haegemei popote. Kocha Chris Ault aliuanzisha pale Nevada mwaka 2005, na ndiko kwotabeki Colin Kaepernick alikopata jina. Kocha wa Liberty, Jamey Chadwell, alikuwa Coastal Carolina kabla ya hapo, na timu zake zinachanganya pistoli na mbio za kuchagua, zile ambazo kwotabeki anamsoma beki mmoja kabla ya kuamua atoe mpira au abaki nao.

Sasa rudi kwenye ule upande wa yadi 33. Mabeki lazima waulinde, hawana ujanja, wanasogea. Wakisogea tu, mkimbiaji anapita kwenye ule mwembamba waliouacha. Wasiposogea, kwotabeki anazunguka kule kwenye nafasi na mtu wa kumpasia pembeni. Hujabadilisha mpangilio, hujapiga kelele za kubadilisha mchezo dakika ya mwisho, na hilo ni la maana sana ukiwa ugenini. Pale Kyle Field, kwa Texas A&M, kelele za mashabiki zinakuvurugia hata michoro ya pasi kwenye skrini. Kasoro ya pistoli ipo: pasi fupi kwa mkimbiaji inachelewa kwa sababu inabidi amzunguke kwotabeki kwanza. Naivumilia.

Namba mbili ni Army. Mpangilio wao unafanana kulia na kushoto, bawa moja huku, bawa jingine kule, kwa hiyo mpira ukiwa pembeni bado hujamwonyesha mtu chochote. Wenyewe halisi walibeba ubingwa wa ligi yao, American, mwaka 2024, na kwotabeki Bryson Daily akafunga tachidauni 32 kwa miguu yake msimu huo. Ila gemu inahesabu kila kipigo kwenye mwili wa mchezaji, bega, goti, kifundo, na kwotabeki anayekimbia kila mara anafika robo ya nne amechakaa. Ukiwa nyuma kwa pointi 14 wakati huo, kazi unayo.

Tennessee nawapa namba tatu kwa shingo upande. Kocha wao, Josh Heupel, anawatawanya wadakaji mbali mno, mpaka karibu na mistari ya pembeni. Kwa pasi za haraka upande mwembamba, ni raha. Upande mpana unahitaji kwotabeki mwenye mkono wa nguvu hasa, na wengi mnaoniandikia mnaanza na vyuo vidogo ambavyo havina mtu wa namna hiyo.

Michigan ni kitabu cha watu wazito, kizuri ukibakiza yadi moja. Basi.

Mwisho ni Air Raid, mfumo wa kurusha pasi kila mara, na ndicho wanachowauzieni. Hapa ndipo ninapochoka. Makocha Hal Mumme na Mike Leach waliujenga mfumo huu pale Iowa Wesleyan kwa mbinu chache mno zilizorudiwa mazoezini mpaka mchezaji azicheze amelala. Leo mtu anauza mamia ya kurasa na kuziita Air Raid! Mkitaka kuutumia, kaeni na zile pasi za wadakaji wawili wanaopishana katikati, kwa sababu katikati hakuna upande mpana wa kukuponza. Vitabu vya jumla visivyo na jina la chuo vinamfaa anayejifunza, wiki moja hivi.

Kujaribu ni bure. Ingia mazoezini, weka mpira kwenye mstari wa vidoti wa kulia, cheza mbinu zako tano unazozipenda, kisha hamia wa kushoto. Mbinu inayokufa upande mmoja itoe.

Na bei, jamani. Ilipotoka mwaka 2025 gemu ya kawaida ilikuwa dola 69.99, toleo la Deluxe 99.99, na ile ya kufungwa pamoja na Madden 149.99. Mwaka 2024 wachezaji halisi walipewa dola 600 na nakala ya gemu ili sura zao zitumike. Halafu mtu ambaye hajawahi kuvaa helmeti anakutoza kila mwezi kwa mbinu zilizomo tayari kwenye diski uliyoilipia, na sasisho likibadilisha mabeki anakuuzia toleo jipya. Ukimuuliza kuhusu upande mpana anakublok. Kama gemu yenyewe hujainunua bado, subiri punguzo za Novemba, na hiyo Deluxe iache: kikubwa ulichokuwa unalipia ni kuanza kucheza siku tatu kabla ya wengine, na siku hizo zimeshapita.