Shubiri kwa mgonjwa wa saratani: ya kupaka au ya kunywa?
Lamu, mgonjwa akirudi kutoka Mombasa kupigwa mionzi, hakosi jirani wa kumletea jani la mshubiri. Kupaka ule ute mwangavu juu ya ngozi iliyobabuka sina ugomvi nako: unapoza, ingawa majaribio hayajaonyesha wazi kwamba unaishinda krimu ya kawaida. Muulize mhudumu wa mionzi kwanza, na usipake kidonda kibichi.

Kunywa ndiko kunakonitia wasiwasi. Utomvu wa manjano chini ya ganda, ule mchungu wanaousifia wazee wetu (watusamehe), una kemikali iitwayo aloini. Kemikali hiyo huharisha vikali na kupunguza madini ya potasiamu mwilini, na dawa nyingi za kemo (za kuua seli za saratani) zenyewe tayari zinaharisha. Marekani ilizuia dawa za kuharisha za shubiri zinazouzwa bila cheti cha daktari tangu 2002. Aliyekwisha kunywa amwambie daktari kabla ya dripu inayofuata.